Siku Tatu za Don Khon

Juni 4, Chau Doc
Shanta langu lina kilo tisa. Nimelipima kwenye mizani ya mama muuza samaki hapa gatini, naye akaniuliza kama nauza. La mume wangu Bach lina kumi na nne kwa sababu amebeba koti lake la mvua la kazini, lile zito la manjano, ingawa kivuko chenyewe kimefungwa tangu daraja lilipokamilika mwaka jana. Miaka thelathini alivusha watu na pikipiki na mabata kutoka ng'ambo hii kwenda ile. Mwezi uliopita aliacha kula katikati ya chakula cha jioni akaniambia, "Mama Thoa, huu mto nimeuvuka kwa upana tu. Nataka niufuate kwa urefu, mpaka Luang Prabang."

Ana miaka hamsini na saba. Mimi hamsini na nne. Binti yetu Thoa alitununulia mashanta haya Saigon, na alipotuona tumeyavaa alicheka mpaka akakaa chini.

Baba mkwe tumemwachia wifi yangu Nhan. Ni mwaka wa tisa huu tangu mzee apooze. Analala chumba cha mbele, mkono mmoja unafanya kazi, maneno yanatoka machache na kwa shida. Mimi ndiye ninayemgeuza, ninayemlisha, ninayemwosha. Nilimwandikia Nhan kurasa nne: uji uwe mwepesi, ageuzwe kila baada ya saa mbili, kijiko kiguse mdomo wa chini kwanza halafu umngoje afungue mwenyewe. Alizikunja bila kuzisoma akaziweka chini ya redio.

"Nendeni tu, wifi. Ni baba yangu. Sihitaji kufundishwa baba yangu."

Nilipomuaga mzee alikuwa anaangalia dari. Miaka tisa hajaniita kwa jina. Akitaka kitu hugonga ukingo wa kitanda kwa kidole.

Juni 5, Phnom Penh
Tumekaa saa tano ndani ya boti. Bach alisimama nje njia nzima akiangalia maji kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

Juni 6
Usiku nimeamka kila baada ya saa mbili. Hakuna wa kumgeuza. Mara ya tatu nimemgeuza Bach.

Juni 9, Phnom Penh
Gesti iko ghorofa ya tatu, ngazi zake nyembamba, na chini wanakaanga vitunguu saumu tangu asubuhi. Tumezunguka mjini kwa miguu kwa sababu Bach anasema aliyebeba shanta hapandi bajaji. Nani alimfundisha hilo sijui. Kwenye ngazi tulikutana na binti wa Kizungu mwenye shanta kubwa kuliko yeye. Alituonyesha kwa mikono: mmepotea, wazee? Nikamwonyesha na mimi kwa mikono kwamba ndiyo.

Jioni tuligombana kwa ajili ya feni. Yeye anataka inielekee mimi, mimi nataka imwelekee yeye. Tukalala imeelekea ukutani.

Juni 14, Kampong Cham
Mvua. Nimefua soksi. Hazikauki.

Juni 16
Mvua.

Juni 19, Kratie
Asubuhi tumekodi boti ndogo kwenda kuona pomboo. Mvua ilikuwa imepumzika, mto una rangi ya chai ya maziwa. Pomboo wawili walitokea, migongo tu, wakapumua kama wazee wanaoinuka kitini, wakazama. Bach alikuwa ukingoni anapiga picha kwa simu. Nilisikia maji yakipokea kitu. Nilipogeuka alikuwa amesimama mikono mitupu.

"Imeteleza," alisema.

Mwenye boti alimpa pole kwa Kikhmer. Mimi nilikasirika, maana ile simu ndiyo Nhan anayoipigia. Nikasema maneno mengi: kwamba mikono yake imezoea usukani wa chuma, haijui kushika kitu chepesi, kwamba mtoto wa darasa la pili ana akili kuliko yeye. Njia nzima ya kurudi alikaa amenipa mgongo.

Juni 22, Stung Treng
Kidole cha mguu kimetoka malengelenge, yamepasuka. Nimempigia Nhan. Hakunisalimu.

"Kaka yuko wapi?"

"Simu yake imezama, wifi. Yupo hapa, amelala. Mzee anaendeleaje?"

"Mwambie anipigie."

"Anakula?"

"Nimesema mwambie kaka anipigie." Akakata.

Ndivyo alivyo. Mambo ya baba yao wanazungumza wao wawili, mimi ni wa kijiko na beseni. Bach alipoamka nilimfikishia salamu. Alijibu, "Tukifika sehemu yenye mtandao mzuri." Mtandao wa hapa ni mzuri kuliko wa nyumbani. Nikamwangalia, akawa anafunga kamba za viatu.

Niandike na hili, maana hakuna atakayelisoma. Nimechoka kwa namna ambayo kutembea hakuiondoi. Nilidhani nikiwa mbali na kile kitanda mwili utalegea. Mwili umekataa. Nikiona kijiko, mkono unataka kukiinua kuelekea mdomo wa mtu mwingine.

Juni 24, Don Khon
Tumevuka mpaka wa Laos jana, leo tumeingia kisiwani. Gesti ni vibanda vinne vya mbao juu ya maji, na kila kibaraza kina bembea ya wavu. Mwenyewe ni Bi Bua, mjane aliyekulia Pakse jirani na wafanyabiashara wa kwetu. Anaongea Kivietinamu cha sokoni, cha kupunguziana bei.

"Nyie ni wazee wa kwanza kwangu kuja na mashanta," alisema. "Wazee huja na watoto wao."

"Watoto ndio waliotuvisha," nikamjibu.

Alicheka, akatuletea wali wa kunata na samaki wa kuchoma, na hakutuuliza tena kitu mpaka asubuhi.

Juni 25
Bach amenipeleka kwenye maporomoko. Maji yanaanguka kati ya mawe kwa kelele ambayo unaisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni. Alisimama pale saa nzima chini ya manyunyu na koti lake la manjano. Ananieleza kwa kupaza sauti kwamba hakuna chombo kinachopita hapa, hakijawahi kupita, na kwamba Wafaransa walijenga reli kisiwani humu ili wabebe boti nchi kavu na kuzishusha upande wa pili. "Reli, mama Thoa. Kwa ajili ya boti." Uso wake ulikuwa kama wa siku aliyonioa. Tangu kivuko kifungwe sijauona huo uso. Nilikuwa nimeanza kuamini nimeolewa na mtu mwingine.

Juni 26, Jumatano
Meseji ya Nhan imeingia saa tatu asubuhi nikiwa kwenye bembea. Nainakili kama ilivyo: "Wifi, baba hali chakula. Anatema. Wiki nzima sasa anakohoa. Daktari wa zahanati anasema mapafu. Kaka simpati. Rudini."

Bach alikuwa chini gatini. Boti ya Bi Bua imelala mwaka mzima na mashine mbovu, naye ameifungua yote, vipande amevipanga juu ya jani la mgomba. Anapiga mluzi.

Nimezima simu. Nimeiweka kwenye shanta, ndani ya soksi.

Juni 27
Nimelala mchana kutwa. Sikuamka kila baada ya saa mbili. Bi Bua aliniletea supu akanikuta nalala, akairudisha, akaniletea nyingine jioni.

"Bwana wako aliniuliza kama wewe ni mgonjwa," alisema. "Nikamwambia, huyu halali usingizi wa wagonjwa. Huyu analala kama aliyetoka shambani."

Najua ninachofanya. Sijidanganyi. Kila saa ninayolala hapa, mzee hajageuzwa sawasawa kule. Najua hata upande gani wa kiuno utaanza kuwa mwekundu. Na bado nilikunywa ile supu yote.

Juni 28
Mvua kubwa. Mto umepanda hadi ngazi ya tatu ya gati. Bach amewasha ile mashine, imeunguruma, na watu wa vibanda vingine wakampigia makofi. Alikuja kibarazani na grisi mpaka kwenye nyusi.

"Bi Bua anasema nikibaki mwezi atanipa kazi," alisema, akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaniangalia. "Unaonekana umepumzika, mama Thoa. Uso umejaa."

Nilitaka kumwambia pale pale. Badala yake nikamwambia akaoge.

Juni 29, Jumamosi
Nimewasha simu saa mbili asubuhi. Nilijiambia nataka kuona saa tu. Meseji kumi na moja, na ya mwisho ilikuwa ya sauti. Nilikwenda nayo nyuma ya jiko la Bi Bua.

Nhan alikuwa analia, na mimi sijawahi kumsikia akilia, hata siku mama yao alipozikwa. Alisema: "Wifi, anakuita. Tangu jana. Lieu, Lieu. Nikimpelekea kijiko anafunga mdomo, anaita Lieu. Mimi sikujua hata kama analijua jina lako. Nifanyeje, wifi? Niambie nifanyeje."

Nyuma yake ilisikika redio tu. Niliirudia mara nne, nimeiweka sikioni kabisa, nikitafuta sauti ya mzee. Haikuwepo.

Nilishuka gatini. Bach alikuwa anafunga boliti za mwisho.

"Baba Thoa, tunarudi. Baba anaumwa mapafu. Nhan aliniandikia."

Aliinuka. "Lini?"

"Jumatano."

"Leo Jumamosi."

"Najua."

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kupita ilivyohitajika. Nilimngoja anitukane. Nilijiandaa hata kwa kofi, ingawa hajawahi kuninyanyulia mkono maisha yetu yote. Alipanda ngazi akafunga shanta lake, kisha akafunga na langu. Bi Bua alitusindikiza kwa boti ile ile aliyoitengeneza Bach.

Juni 30, njiani
Kusini ya Stung Treng maji yamekata barabara. Basi limesimama tangu saa nne asubuhi, mbele yetu malori kama arobaini. Watu wameteremka, wanawake wanauza mahindi ya kuchemsha dirishani, dereva amelala chini ya basi kwenye mkeka. Bach hajasema na mimi tangu kisiwani, isipokuwa "sogea" na "shika hii".

Saa nane mchana alinunua mahindi mawili, akanipa moja, akakaa kando yangu juu ya jiwe la kilomita.

"Siku tatu," alisema.

"Siku tatu."

"Kwa nini?"

Nikampa jibu lililokuwepo. "Kwa sababu nililala, baba Thoa. Nilipata usingizi, nikaogopa kuupoteza."

Alikula mistari miwili ya mahindi. Mvua ilianza tena, nyepesi, akatandaza lile koti la manjano juu yetu sote. Ndipo aliposema, akiangalia malori:

"Ile simu haikuteleza."

Nikashusha hindi langu.

"Nhan aliniandikia asubuhi ile Kratie. Kwamba baba ameanza kukohoa, anakula kidogo. Kidogo tu, alisema. Nikajiambia ni kikohozi. Halafu nikawaza atapiga, utasikia, utasema turudi, na tutarudi, na sitatoka tena mle ndani mpaka nife mimi au afe yeye." Aliligeuza hindi mkononi. "Niliwaza hivyo kabisa, mama Thoa. Baba yangu mzazi. Nikafungua mkono."

Siku zangu zilikuwa tatu. Zake zilikuwa kumi. Nilihesabu kabla sijajizuia, na nikaona aibu kwa ule unafuu ulionipita. Halafu hasira ikaja. Kule Kratie nilikuwa nimemtukana juu ya mikono yake, akanyamaza akajificha nyuma ya matusi yangu. Na mle ndani asimotaka kurudi, yeye alikuwa akitoka kila asubuhi kwenda kivukoni. Aliyekuwa hatoki ni mimi. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia polepole, bila kelele, maana abiria walikuwa karibu.

"Ni kweli," alisema.

"Miaka tisa, baba Thoa. Ulimlisha mara ngapi?"

Alifikiri kwa dhati, kama anayetaka kutaja idadi. Akatikisa kichwa.

Tulikaa chini ya koti mpaka mahindi yakaisha. Sikumsamehe, naye sidhani kama alinisamehe. Ila alipoinuka alinipa mkono niinuke, nikaushika.

Julai 1
Bado barabarani. Maji yameshuka alasiri, tumepita. Phnom Penh bila kusimama.

Julai 3, nyumbani
Tumefika jana saa tano asubuhi. Mzee yu hai.

Amekonda mpaka meno yanaonekana makubwa. Kiunoni upande wa kushoto pana kidonda cha upana wa kikombe. Kifua kinakoroma. Niliweka shanta chini, nikanawa, nikapika uji, nikagusa mdomo wake wa chini kwa kijiko, nikangoja. Alifungua. Vijiko vitatu. Bach alisimama mlangoni.

Nhan alikuwa amevaa nguo ambazo nadhani hakuzibadilisha siku kadhaa. Alisubiri mzee amalize ndipo akauliza.

"Mbona mlichelewa?"

"Mimi ndiye—" Bach alianza.

"Meseji ya Jumatano niliisoma Jumatano," nilisema. "Nikazima simu. Siku tatu."

"Na ya Kratie niliisoma Kratie," alisema Bach. "Nikaitupa simu mtoni."

Nhan alituangalia, mmoja halafu mwingine, mashanta yangali na tope sebuleni. Nilidhani atapiga ukunga mpaka majirani waje. Alikaa kwenye kigoda.

"Wiki nne tu nimekaa naye," alisema mwishowe. "Hata mwezi haujatimia. Juzi nilikwenda nyuma ya nyumba nikaomba Mungu amchukue." Alichukua kurasa zangu nne chini ya redio. Zilikuwa zimechakaa, zimemwagikiwa uji. Alikuwa amezisoma, na zaidi ya mara moja. "Hukuandika kwamba anauma vidole, wifi."

"Huniuma mimi pia."

"Ungeandika."

Ameondoka leo asubuhi. Hakuniaga kwa uchangamfu, na sikumtegemea aniage hivyo. Lakini kabla ya kupanda bodaboda alisema atakuja kila mwisho wa mwezi, siku tano, na kwamba mimi katika siku hizo nisiwepo nyumbani.

Julai 6
Dawa za mapafu zinafanya kazi. Kidonda bado.

Julai 9
Mzee hasemi. Hata yale maneno machache ya zamani, maji, joto, Bach, hayapo. Daktari anasema huenda alipata kiharusi kingine kidogo katika siku zile, na huenda yasirudi. Nilimuuliza siku gani hasa. Akasema hakuna wa kujua.

Julai 10
Nilikaa kitandani kwake nikamwambia, "Baba, mimi Lieu. Uliniita. Nimekuja." Macho yake yalinitazama, yakatulia kwangu. Nilingoja kama ninavyongojea afungue mdomo. Kidole kikagonga ukingo wa kitanda: alitaka kugeuzwa.

Nikamgeuza.

Sitajua alitaka kuniambia nini. Pengine alitaka uji tu, na alijua mikono inayoupika. Pengine alitaka kulalamika. Nhan anasema aliita kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtu aliye chumba cha pili.

Julai 13
Mvua.

Julai 15
Leo Bach ameomba nimfundishe kijiko. Alimwagia baba yake uji shingoni mara mbili, mzee akamuuma. Alitoka nje akazunguka nyumba, akarudi, akanawa, akaanza upya.

"Unangoja muda gani?" aliniuliza.

"Mpaka afungue."

"Na asipofungua?"

"Unaendelea kungoja."

Julai 19
Bach amemgeuza peke yake. Sikuingia chumbani. Nilisimama sebuleni mikono imening'inia, sijui niipeleke wapi. Nikaenda kumenya boga.

Julai 22
Nimekuwa mkali leo bila sababu. Nilimsema Bach kwa taulo, kwa beseni, kwa namna anavyokunja shuka. Aliikunja upya kila mara. Mwishowe alisema, kwa utulivu tu, "Mama Thoa, hiki kitanda sikupokonyi." Nililia kidogo jikoni. Nadhani kweli niliona ananipokonya.

Julai 28
Nhan amekuja. Nimekwenda Saigon kwa Thoa. Siku mbili za kwanza nilikuwa nampigia simu kila saa. Ya tatu alinijibu, "Wifi, amekula, amelala, nami nataka kula nilale." Thoa akaninyang'anya simu.

Julai 30, nyumbani
Mto umefika ukingo. Maji ya juu yameteremka yote, mekundu, na magogo ndani yake.

Saa kumi na moja alfajiri leo niliamka kama kawaida, miguu imeshafika sakafuni kabla sijafumbua macho. Ubavuni kwangu hapakuwa na mtu. Nikasikia sauti ya Bach kupitia ukutani. Alikuwa anamsimulia baba yake maporomoko. Anamweleza upana wake, jinsi kelele yake inavyoingia kifuani, jinsi chombo chochote kinavyokwamia pale. "Wakajenga reli, baba," alisema. "Kwa ajili ya boti. Hebu fikiria." Kisha kimya kirefu, cha mtu anayengoja mdomo ufunguke. Kisha kijiko kikagonga bakuli.

Nilirudisha miguu kitandani. Nikageukia upande wa pili, nikajifunika, nikalala mpaka jua likawa dirishani.